Kwenda Nane Nane Mbeya na mdogo mgongoni, mkubwa mkononi

Julai ikianza kuisha, akina mama wa Mbeya huanza kuulizana yaleyale. Mtoto wa miezi mitano aende Nane Nane, au ni kumtesa? Kigari kinapita kule? Nikienda nao wawili bila baba yao nitaweza? Pa kunyonyeshea pako wapi? Na huyu wa darasa la pili anayelilia bembea tangu mwaka jana, nimfanyeje? Mwongozo huu ni wako wewe unayeenda maonesho haya ya wakulima, viwanja vya John Mwakangale, kwa mara ya kwanza na watoto wawili waliopishana: mmoja ananyonya, mwingine ana miaka kama sita hadi tisa.

Jibu la mkato: inawezekana, ila maonesho yote hutayaona. Utaona sehemu tu, na saa zako zitapangwa na mdogo, huku cha kuona kikichaguliwa na mkubwa. Wanaorudi wamenuna ni wale waliotaka kupita kila banda.

Siku ya kwenda

Maonesho huwa tarehe 1 hadi 8 Agosti. Tarehe 1 usiende. Mabanda mengine bado yanapigiliwa misumari na mkubwa wako ataona maturubai tu. Tarehe 7 na 8 ziache kabisa. Nane ni kilele na ni sikukuu ya taifa: viongozi wanakuja, ukaguzi langoni unarefuka, na ndani ni kusukumana. Kilele cha kitaifa kilifanyika hapa Mbeya mwaka 2022 na 2023. Mwaka ambao kimerudi huku, ikwepe na tarehe 6. Zinazobaki, hasa 3 hadi 5, ndizo za mwenye mtoto mgongoni.

Siku za shule asubuhi utakutana na wanafunzi walioletwa na walimu wao, wamejipanga misururu. Hao si tatizo, wanasogea haraka. Jumamosi na Jumapili kuanzia mchana ndiyo shughuli. Kumwombea mkubwa ruhusa ya siku moja shuleni naona ni bora kuliko kumpeleka Jumapili saa 9 alasiri akaishia kuona migongo ya watu wazima.

Nani abaki nyumbani

Mtoto ambaye shingo haijakaza asipelekwe. Chini ya miezi mitatu mwache na bibi yake au uahirishe, Nane Nane nyingine itakuja. Mwenye mafua au homa naye abaki. Kumbuka pia kwamba chanjo ya kwanza ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na ya pili miezi 18. Mtoto wa chini ya miezi 9 hana kinga hiyo, kwa hiyo ukisikia mtaani kwenu kuna surua mwaka huo, usimwingize kwenye umati.

Vya kuandaa usiku wa kuamkia safari

- Vitenge viwili au khanga. Kimoja cha kumbebea, kingine cha kutandika, kujifunika unaponyonyesha na kuwekea kivuli.
- Pampasi: moja kwa kila saa mbili za safari, halafu ongeza mbili. Za kitambaa zinafaa pia, ila beba na kopo la kuwekea chafu.
- Kopo lenye mfuniko, lile la siagi au la mafuta ya kupikia. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na mfuko mbadala hauzuii harufu wala unyevu. Kopo linazuia vyote viwili.
- Chupa ndogo ya chai yenye uji wa mdogo, kama ameshafikisha miezi sita. Kikombe na kijiko chake.
- Maji ya kunywa, kipande cha sabuni, na chupa ya pili ya maji ya kunawia. Usitegemee kwamba bomba la kule litakuwa na maji.
- Tishu za chooni. Vyoo vya kulipia vipo, ila tishu huisha.
- Sweta, mzula na soksi za mdogo; sweta na kofia yenye ukingo kwa mkubwa.
- Viatu vya kufunga vya mkubwa, vilivyokwisha kuzoea mguu. Vile vipya vya sikukuu vitamtoa malengelenge kabla hamjafika kwenye matrekta.
- Kalamu ya wino. Matumizi yake yako hatua ya 4.
- Noti ndogo ndogo, na simu iliyojaa chaji.
- Kisu kidogo cha matunda, kimefungwa kwenye kitambaa. Langoni wakikizuia usibishane, waachie.

Kigari kiache nyumbani. Chini ni vumbi, mawe na kamba za maturubai, na kwenye msongamano kinakuwa cha kusukuma watu visigino. Mgongo wako ndio usafiri wake.

Hatua kwa hatua

1. Mpe mkubwa chaguo, jioni ya siku iliyotangulia. Mtajie vilivyopo: matrekta, ng'ombe na mbuzi wa mbegu, samaki kwenye mabwawa, vipando vya mazao, magari ya zimamoto, mabanda ya majeshi, ngoma, bembea. Mwambie achague viwili ambavyo lazima avione. Viwili, si vitano. Hivyo viwili ni ahadi, na mengine mtakayoyaona njiani ni nyongeza. Mtoto anayejua zamu yake ipo huvumilia mdogo wake akinyonyeshwa. Asiyejua anaanza kuvuta kitenge chako tangu langoni.

Papo hapo mpangieni bajeti. Mpe fedha yake mkononi ya kitu kimoja cha kununua. Ikiisha, imeisha.

2. Wavalishe kwa tabaka. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Agosti asubuhi baridi bado inauma. Saa 5 jua limekwisha kuwa kali, na kwa mwinuko huu linachoma ngozi hata upepo ukiwa wa baridi. Mvalishe mdogo nguo nyepesi ndani, sweta juu, mzula kichwani. Jua likipanda unavua moja moja. Kosa la kila mwaka ni mtoto aliyefungwa mablanketi mawili saa 7 mchana, analowa jasho mgongoni, mama anadhani analia njaa. Pitisha mkono nyuma ya shingo yake kila mara. Pakiwa pamelowa, vua kitu.

3. Fika saa 3 asubuhi. Daladala za Uyole ni nyingi kutoka Mwanjelwa na Kabwe, mwambie konda akushushe Nane Nane. Kaa viti vya katikati, usikae mbele kwa dereva na mtoto. Ukiwa umekaa mtoe mgongoni umpakate, maana breki moja ya ghafla mgongo wako unamgandamiza kwenye kiti. Bajaji ni ghali kidogo ila unashuka karibu na lango.

Hapo unaposhukia ni barabara kuu ya kwenda Tunduma na Zambia. Malori hayapungui na madereva wengine wamechoka. Mkubwa umshike kifundo cha mkono, si vidole, mpaka mmeingia ndani.

Wanaotoka Tukuyu, Mbarali au Songwe: kama kuna ndugu mjini, laleni kwake siku moja kabla. Saa mbili za basi asubuhi zinamaliza uvumilivu wote wa mdogo.

4. Langoni, fanya mambo matatu. Piga mkubwa picha akiwa amesimama, nguo zote zionekane. Mwandikie namba yako ya simu kwa kalamu kwenye mkono, upande wa ndani ambako hapafutiki haraka. Jina lake usiliandike. Mtu asiyemjua asipate la kumwitia. Tatu, mkishaingia tu, chagueni mahali pa kukutania akipotea: kitu kirefu kisichohama, kama nguzo ya lango au tangi la maji. Banda la vinywaji lenye mwamvuli mwekundu halifai, kuna mengine kumi kama hilo.

Mfundishe sentensi moja: "Nimepotea, nipigie mama." Aseme kwa askari, au kwa mama mwenye mtoto.

5. Anzeni na mifugo na vipando. Asubuhi wanyama wamelishwa, wametulia, na watu ni wachache. Upande wa vipando ndio wenye utulivu zaidi uwanjani. Mahindi, viazi, maharage, mboga, vyote vimepandwa kwa mistari na vibao. Mkubwa atauliza maswali, mwache amuulize bwana shamba mwenyewe. Wale vijana wa mabandani wamechoka kuulizwa bei na watu wazima. Mtoto akiwauliza kwa nini kabichi hii ni kubwa hivi wanachangamka.

Kwa ng'ombe, msisimame nyuma yake hata kama amefungwa. Mbuzi atakula ncha ya kitenge chako. Banda la maliasili likiwa limeleta wanyama wakali kwenye vizimba, baki nyuma ya kamba, na usimwinue mdogo kumsogeza kwenye nondo apigwe picha. Mkishatoka kwa wanyama, nawisheni mikono kwa sabuni, mkubwa na wewe, kabla ya kumgusa mdogo au kushika chakula. Maziwa mabichi yanayopimwa kwenye vikombe msinywe. Yaliyochemshwa au mtindi wa kiwandani sawa.

6. Usingizi wa mdogo ndio saa ya mkubwa. Mtoto wa miezi minne hadi kumi huchoka baada ya saa mbili hivi za kuwa macho. Kama ameamka saa 2 kwenye daladala, ikifika saa 4 anaanza kupekecha macho. Usingoje alie. Tafuta kivuli, mnyonyeshe, mbadilishe pampasi, mfunge mgongoni na utembee polepole. Akishalala, hapo ndipo unampeleka mkubwa kwenye ahadi yake ya kwanza. Akipanda trekta, mdogo yuko usingizini na mikono yako yote miwili iko huru.

Pa kunyonyeshea hapahitaji kutafutwa sana. Banda lolote la taasisi lenye viti vya plastiki na mwanamke mezani, salimia, sema "Dada, naomba nikae kidogo nimnyonyeshe mtoto." Sijamwona aliyekataliwa. Kaa mbali na spika tu. Mtoto mchanga masikio yake ni mepesi, na kule kila banda linashindana na jirani yake kwa muziki. Kama inabidi upaze sauti ili mkubwa akusikie, mdogo hapamfai hapo.

Ukimfunika kichwa kwa khanga kuzuia vumbi, acha nafasi ya hewa usoni. Akilala uso umebanwa mgongoni na kufunikwa juu yake anakosa pumzi na anapata joto kupita kiasi.

Mkiwa watu wazima wawili, gawaneni: mmoja anakaa kivulini na mdogo, mwingine anazunguka na mkubwa, baada ya saa moja mnabadilishana. Mkubwa akipata saa moja na baba au shangazi bila mdogo, ataikumbuka kuliko bembea. Ukiwa peke yako, mwombe ndugu yako au binti wa jirani mfuatane, mlipie nauli na chakula. Lakini mkubwa wako asiwe ndiye yaya. Umemleta atembee, hukumleta ashike mkoba wa pampasi.

7. Bembea na jumba la kurukia: tazama kwanza, lipa baadaye. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watoto huumia. Simama utazame mzunguko mmoja mzima kabla ya kutoa hela. Anayeiendesha anafunga mikanda na minyororo mwenyewe, au anawaachia watoto? Inasimama kabisa kabla ya watoto kushuka? Viti vinacheza kwenye bolti? Miguu ya chuma imekaa kwenye ardhi imara, au imeegeshwa kwenye matofali? Jibu moja likikutia wasiwasi, ondokeni. Mwambie mkubwa "hii mbovu, tutafute nyingine", hatakufa.

Lile jumba la hewa la kurukia lina mambo yake. Upepo wa Agosti huku kwetu una nguvu, na jumba lisilofungwa kwa kamba kwenye vigingi pembe zote linaweza kuinuka na watoto ndani. Angalia kamba. Angalia pia umri wa waliomo: kijana wa miaka kumi na mbili akimwangukia wa miaka sita, anayevunjika mkono ni wa miaka sita. Subirini zamu ya wadogo. Avue viatu, atoe kalamu mfukoni.

Mdogo asipandishwe chochote, hata akiwa amepakatwa, hata kama mwendeshaji anasema "haina shida mama, inaenda polepole". Mkono wako si mkanda.

8. Chakula. Mle saa 5 na nusu, kabla ya foleni. Wa chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata maji hahitaji, joto lisikutishe. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi na wewe ndiye unywe maji mengi. Aliyevuka miezi sita ana uji wake kwenye chupa. Ukitaka kumwongezea, nunua parachichi la Rungwe au ndizi mbivu, umenye mwenyewe na kisu chako. Tunda lenye ganda lake halijaguswa na mikono ya watu.

Mkubwa ale kilichotoka motoni mbele yako: mahindi ya kuchoma, chipsi, mishkaki iliyoiva mpaka ndani. Kachumbari iache.

Sasa, kuonja. Nane Nane kila banda linakuonjesha kitu, na wauzaji wakiona mtoto mgongoni wanataka kumlambisha. Asali ni mwiko kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata tone la kidoleni, hata iwe asali safi ya Tabora. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi, na vinalegeza misuli mpaka ya kupumua. Karanga na korosho nzima humpalia mtoto yeyote wa chini ya miaka mitano. Tena uangalie anachoonjeshwa mkubwa: kwenye meza ya mvinyo wa matunda vikombe vinafanana na vya juisi.

9. Ondokeni saa 7 mchana. Hata kama mnafurahi. Hasa kama mnafurahi. Kuanzia saa 8 vumbi linapanda na umati unaongezeka, na jioni daladala zinagombewa kwa viwiko. Mwambie mkubwa mapema, "bado kitu kimoja halafu tunaondoka", na kiwe kweli kimoja. Mpitishe chooni kabla ya kutoka, na usimtume peke yake.

Mambo yakiharibika

*Mdogo analia na titi hataki.* Fuata mpangilio: shingo imelowa jasho? Pampasi? Kitenge kimembana paja? Kelele? Mtoe kwenye umati uende upande wa vipando, mvue tabaka moja, mtembeze. Nusu saa ikipita bila kutulia, safari imeisha, rudini nyumbani. Ahadi ya mkubwa iliyobaki ilipwe siku nyingine, na uitaje tarehe.

*Mkubwa haonekani.* Usikimbie huku na huku. Mwache mtu mmoja pale alipoonekana mwisho, mwingine aende mlipokubaliana. Ukiwa peke yako, waombe watu wa banda la karibu wakusimamie hapo, nenda mlipokubaliana, kisha moja kwa moja kwa polisi au kwa mtangazaji wa jukwaa kuu ukiwa na ile picha ya asubuhi. Waambie rangi ya nguo.

*Vumbi limemwingia mdogo machoni.* Usifikiche. Mwinamishe kichwa upande, mmiminie maji safi ya kunywa polepole kutoka kona ya ndani kuelekea nje. Pua inafutwa kwa kitambaa kibichi. Mwenye pumu, dawa yake ya kuvuta iwe kwenye mfuko wako, si kwenye mkoba ulioachwa bandani.

*Uji umechacha au chupa imepasuka.* Tupa. Titi na parachichi vinatosha mpaka nyumbani.

*Mkubwa amejilaza chini, hataki kuondoka.* Watu watatazama, waache watazame. Kaa naye chini dakika mbili, usimnunulie kitu cha kumnyamazisha, kisha nyanyukeni. Mara nyingi ni njaa au kiu, mpe maji kwanza.

*Usiku au kesho yake mtoto anaharisha.* Endelea kunyonyesha, mpe ORS (dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini), na nenda kituo cha afya upewe vidonge vya zinki. Kwa homa usikae nayo ukisema ni uchovu wa safari: akapimwe malaria. Akiwa hanyonyi, anatapika kila anachopewa, amelegea, au amepata degedege, msisubiri kupambazuke. Mpelekeni hospitali usiku huohuo, na mbebe kadi yake ya kliniki.